Siku moja maishani mwangu: usiku na OY Carinae, Sutherland

Saa 7 mchana ndo asubuhi yangu. Hosteli ya waangalizi wa nyota hapa Sutherland, Afrika Kusini, mchana ni kimya kabisa maana nusu yetu tumelala. Nakunywa chai, naangalia mawingu kwenye picha za setilaiti. Kweupe, alhamdulillah.

Saa 9 napanga nyota za usiku. PhD yangu ni ya nyota pacha zinazozungukana karibu sana, ambazo moja ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki nyota kama Jua ikishamaliza fueli, saizi ya Dunia tu lakini uzito unaukaribia wa Jua. Nyumbani wakipiga simu wananiuliza zimefikaje karibu hivyo, na ni swali zuri sana, maana mwanzo zilikuwa mbalimbali, ile kubwa ikazeeka ikavimba ikammeza mwenzake, wakawa wanazungukana ndani ya gesi moja mpaka ikatupwa nje na wao wakabaki wamebanana.

Saa 1 jioni kuba linafunguliwa. Darubini ni ya mita 1.9, ilianza kazi Pretoria 1948 ikahamishiwa huku miaka ya 70, bado inadunda.

Saa 3 usiku tupo kwenye OY Carinae, mojawapo ya hizo nyota pacha, hawa wanazungukana kwa dakika 91 tu! Kamera inapiga picha kila baada ya sekunde chache, saa inatoka GPS. Sasa angalia grafu: mwanga unapanda taratibu, ni lile doa la moto ambapo gesi iliyonyonywa kwa mwenzake inagonga diski ya gesi inayokizunguka kibete, halafu ghafla unaporomoka, haijaisha dakika kibete kimezibwa chote na mwenzake aliyepita mbele. Doa nalo linafuata. Kama dakika nne hivi kibete kinatokeza tena, doa bado limejificha, na kupishana huko ndo kunatupa uzito wao: kibete kama 0.84 ya Jua, mwenzake hata sehemu ya kumi ya Jua hafiki. Napenda hapa kuliko kitu chochote kwenye kazi hii.

Saa 5 kasoro wanapatwa tena, palepale tulipotegemea.

Kwa nini tunahangaika na sekunde? Mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe wanayoisababisha kwa kuzungukana, yanawapunguzia nguvu, obiti inazidi kubana, mwenzake anazidi kuliwa, lakini mzunguko mmoja ukifika karibu dakika 80 huyo anayeliwa anakuwa mwepesi kiasi kwamba akipoteza gesi anatanuka badala ya kusinyaa, na obiti inaanza kurefuka. OY Carinae hayuko mbali na hapo.

Saa 11 alfajiri nafunga kuba. Nakokotoa katikati ya kila kupatwa, naondoa athari ya Dunia kulizunguka Jua, naziunga kwenye zile zilizopimwa kwa zaidi ya miaka 40, maana badiliko la mwaka mmoja ni dogo mno kuonekana. Nikishazituma kwa prof, nalala.