Siku moja karakana: mlango wa mninga, kuanzia kinoo hadi gundi

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kugusa ubao, nanoa patasi ya mm 15. Naiinua kwenye kinoo kama nyuzi 30 mpaka kidole kihisi makali yamejikunja upande wa pili, kisha naulaza mgongo bapa kabisa kuyaondoa. Patasi butu hukufanya usukume kwa nguvu, na ukishaanza kusukuma, jicho limeuacha mstari.

Saa 1:30. Kuchora. Simu iko ndani ya boksi la zana, imezimwa mlio. Hakuna kazi inayodai akili kuliko hii, ndiyo maana naifanya kabla jua halijapanda. Mbao zimepigwa randa hadi mm 45. Kila moja nauchagua uso mmoja ulionyooka, nautia alama, na vipimo vyote vinatoka hapo. Ukipima huu kutoka mbele na mwenzake kutoka nyuma, tofauti ya mm 1 tu ya unene itaonekana kwenye kiungo kizima.

Ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa ya ubao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, ni theluthi ya unene: mm 15, sawasawa na patasi. Mbao mbili za wima nazilaza pamoja na kuzichora kwa mpigo mmoja wa skwea. Naziacha ndefu kwa mm 40 kila ncha, la sivyo tundu la pembeni litapasua ubao. Mabega ya ulimi, pale unapoanzia, nachora kwa kisu, maana mstari wa penseli una unene wake. Upande wa kutupa naupiga X. Wengine huiona X ya kitoto; hao ndio hukata upande usio wake.

Saa 3:00. Matundu, nusu kutoka huku, nusu kutoka kule, ili ubao usimeguke upande wa pili. Mm 3 za mwisho kila ncha nazikata baadaye, kwani ndipo patasi inapoegemea wakati wa kung'oa. Mteja akifika, namaliza kwanza tundu nililomo.

Saa 4:00 chai, nje.

Saa 5:00. Ndimi. Msumeno upite kwenye X, mstari ubaki. Ulimi uingie kwa mkono na kumaliziwa kwa nyundo ya mti. Ukilazimishwa, ubao unapasuka.

Saa 8:00 bati linachoma. Ni msasa tu, namba 120 kisha 180, kufuata nyuzi za mti, na barakoa: vumbi la mninga linawasha pua.

Saa 10:00. Naunga kila kitu bila gundi na kupima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vikitofautiana, mlango umekwenda mshazari. Vikilingana, nafungua klampu (vibano) tayari, ndipo napaka gundi nyeupe, kwa sababu kwenye joto hili dakika chache tu inaanza kushika. Paneli ya katikati haipakwi. Inakaa huru mferejini, nafasi ya mm 3 kila upande, ipate kutanuka masika. Nakaza, napima pembe tena. Ulalo mmoja ukizidi, nazihamisha klampu kidogo zivute upande huo mrefu mpaka vipimo vikae sawa, nafuta gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, na klampu zinalala hapo hadi asubuhi.