Nilivyotundika dumu la maji kwenye kisu cha kukunja

Msimu wa kurina asali ukipamba moto hapa Tabora, kibanda changu cha baiskeli pale Isevya kinageuka hospitali ya visu. Warina asali wanashuka kutoka Sikonge, Ipole na Urambo, wanauza mzigo wao, na kabla ya kurudi wanapitisha kisu cha kukunja kilichoharibika. Mimi ni fundi baiskeli, lakini mtu akikuona una jiriwa, grinda na tupa, hakuulizi umesomea nini.

Visu hivyo vina magonjwa mawili tu. Ama ncha imekatika, ama bapa linacheza kwenye mpini kama jino la mtoto. Na chanzo kinajulikana. Nyuki huziba kila upenyo wa mzinga kwa gundi wanayoikusanya kwenye miti. Katika mizinga ya kisasa, viunzi vya juu, yaani vile vijiti vya upana wa milimita 32 ambavyo nyuki huning'inizia masega, vinakaa vimebanana, na gundi inavifanya kuwa kitu kimoja. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita au wa saba gundi hiyo inakuwa ngumu kabisa. Mrina anachomeka ncha ya kisu katikati ya viunzi viwili, anakandamiza mpini, anasikia "ta!" Wale wa mizinga ya magome nao wanang'olea vile vijiti vinavyobana mfuniko.

Mzee mmoja alinijia amekasirika kweli. "Fundi, hiki nimeuziwa kwa bei, nikaambiwa kina loki. Loki gani hii?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, loki kazi yake kisu kisikufungie vidole. Hapo ulipokuwa unabandulia, yenyewe wala haikuhusika."

Hakuniamini. Ndipo nikaona maneno hayatoshi, nikaamua kupima.

Nilinunua visu vya bei ya chini vya mnadani, vya bapa lenye unene wa milimita mbili hivi mgongoni. Nikabana ncha kwenye jiriwa, sentimita moja tu ndani, bapa limelala ubavu. Katikati ya mpini nikafunga kamba ya manila, nikaning'iniza dumu tupu la lita 20, kisha nikaanza kumimina maji kwa jagi la lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo sikuhitaji mzani. Mbele yangu nilisimamisha kipande cha bati, maana chuma kilichokazwa kikikatika kinaruka, na macho hayauzwi mnadani.

Dumu lilipopata lita mbili, ncha ilikuwa imeshapinda. Sikusukuma, sikutikisa.

Nikabana kisu kingine, mara hii sentimita tatu ndani, mahali bapa lilipo pana na nene zaidi. Hapo kilivumilia hadi lita saba, nane. Kilichokubali kushindwa kwanza kilikuwa ile pini inayounganisha bapa na mpini. Tundu lilitanuka, mabati mawili ya mpini yakaachana kidogo, na tangu hapo bapa likawa linayumba kushoto kulia. Loki ilikuwa nzima! Nilikifunga na kukifungua, kikalia vizuri kama kipya.

Sasa piga hesabu. Mkono wa mtu mzima unakandamiza kilo 20 bila hata kukunja uso. Mpini wenyewe unaongeza nguvu hiyo, kwa sababu kadiri unavyoshika mbali na pale bapa lilipobanwa ndivyo mzigo unavyokuwa mzito pale. Mkono haukuambii kwamba umeshapita kipimo. Unakuja kujua chuma kikiwa kimeshaachia.

Wengine wananiambia tatizo ni visu vya bei rahisi. Kuna ukweli kidogo. Lakini mteja wangu mmoja ana Opinel ya Ufaransa, ile yenye pete ya kuzungusha shingoni iliyobuniwa mwaka 1955. Nilikiangalia sana kisu kile (sikukitundikia kitu, mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo). Pete inazuia bapa lisijifunge, na inazuia vizuri. Bapa lenyewe ni jembamba makusudi, ili likate. Ukilifanya nene kwa ajili ya kubandulia, halitakata sega, litaliponda. Mtengenezaji amechagua, na amechagua kukata. Chuma kizuri cha kisu pia kimekazwa kiwe kigumu ili makali yadumu, na ugumu huo ndio unaokifanya kikatike ghafla mahali ambapo chuma laini kingepinda tu.

Kuna na hawa wanaopasha kisu kwenye makaa ya bomba la moshi, lile la kufukizia nyuki, ili kiyeyushe gundi. Wananiletea bapa lina rangi ya buluu. Buluu hiyo maana yake chuma kimefika kama nyuzi 300, na ukazaji umekwenda. Utanoa leo, kesho butu. Gundi inahitaji kama nyuzi 60 au 70 tu kuyeyuka, na maji ya moto kwenye kopo yanatosha.

Kwa kubandua nikatafuta chuma kingine. Springi kuukuu ya gari, moja ya yale mabapa yake, nilimpelekea mfua chuma akainyoosha na kuikaza upya. Nikaikata urefu wa sentimita 25, upana sentimita tatu, nikaisaga hadi milimita nne. Ncha moja nikaichonga kama patasi, nyingine nikaikunja iwe ndoano ya kunyanyulia kiunzi. Unene ukiongezwa mara mbili, chuma kinabeba mara nne kabla ya kupinda, na hapa hakuna pini wala tundu la kutanuka. Niliibana kwenye jiriwa ileile, dumu likajaa mpaka mdomoni. Ikainama kidogo, nikaondoa dumu, ikarudi.

Mzee wa loki ndiye aliyechukua ya kwanza. Namna ninavyowaelekeza ni hii: kisu kitangulie, kipitishwe juu ya mstari wa gundi kwa makali, kikate bila kukizungusha wala kukikandamiza ubavu. Kisha patasi iingie kwenye mfereji uliokatwa, inyanyue upande mmoja wa kiunzi, halafu wa pili. Sega likiwa limeshika ukuta wa mzinga, rudi kwenye kisu. Kinafika chini bila kuvunja asali, kwa sababu ya wembamba uleule.

Visu vyenye ncha iliyokatika bado napokea, nasaga ncha mpya, kisu kinapungua urefu kidogo lakini kinafanya kazi. Vya tundu lililotanuka nimeacha kuvigonga pini. Vinakaa wiki, vinalegea tena, na mtu anarudi kunidai. Patasi napaka rangi nyekundu katikati, maana zikianguka kwenye majani makavu ya miombo hazionekani.