Pesa kwanza, miguu baadaye: tulivyojifunza kumalizia mbio za baiskeli

Kwa miaka miwili nilikuwa hodari wa kuongoza mbio na kumaliza wa saba. Wapenda baiskeli wa hapa Arusha wangekwambia yule jamaa wa duka la vifaa vya ujenzi ana mapafu, tena ana roho ngumu. Kisha wangecheka. Kila mara nilikuwa mbele mpaka zimebaki mita 300, halafu watu waliokaa mgongoni mwangu tangu Makuyuni wananipita mmoja mmoja, wengine hata jasho halijawatoka.

Njia yetu ni hiyo ya Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka mjini. Mbio nyingi tunazimalizia upande wa Kisongo, kwa sababu ukiingia mjini hakuna wa kuzuia daladala. Kwenda ni raha: upepo wa mashariki unakusukuma na barabara inateremka, maana Makuyuni iko chini kuliko Arusha. Kazi iko kwenye kurudi. Upepo uleule unakupiga usoni, na mwinuko wake ni wa taratibu, macho yanakwambia ni tambarare huku mapaja yanakataa. Hapo ndipo mgongo wa mwenzako unapokuwa na thamani. Ukimfuata kwa karibu, tairi lako la mbele likiwa shubiri mbili nyuma ya lake, unaokoa karibu theluthi ya nguvu. Na upepo una hesabu zake: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuukata haizidi mara mbili, inazidi mara nane. Bili hiyo nilikuwa nailipa peke yangu, wengine wanakula bure.

Siku iliyotufungua macho ilikuwa ya aibu. Tulirudi kundi la watu wanane, na wanne kati yetu tulikuwa wa mtaa mmoja, tunaofanya mazoezi pamoja kila Jumapili. Mimi, Fundi, anayetengeneza baiskeli chini ya mti karibu na soko la Kilombero, Mwalimu, anayefundisha hesabu sekondari, na Dogo, kijana wa miaka 19 anayeshusha maziwa kwa baiskeli kutoka Ngaramtoni. Ilipobaki kilomita moja nikachomoka. Nikapata mwanya mzuri tu, nikaanza kuona chokaa ya mstari. Kugeuka, ninayekuja kukamatwa naye ni Dogo! Kavuta kichwa chini, na mgongoni kwake kawabeba wapinzani wote wanne. Wakatupita sote wawili. Mwalimu akawa wa tano, sisi huko nyuma.

Pale kwenye kibanda cha soda tulikaribia kushikana mashati. Nikamwambia Dogo ni msaliti. Naye akanijibu bila kupepesa macho, "Kaka, kwani ulitaka nikuache uchukue laki tatu, mimi nirudi na nini?"

Mwalimu alikuwa anakunywa soda yake kimya. Akauliza zawadi zilikuwaje. Wa kwanza 300,000, wa pili 150,000, wa tatu 80,000. Wa nne? Hakuna. Akasema, basi Dogo hajakosea. Kama kila mtu anakula cha kwake, kumvutia mwenzako upepo ni kumpa hela yako mfukoni. Mkitaka kukimbia pamoja, anzeni na hela.

Mimi nilitegemea tuzungumze gia na mazoezi. Jioni nzima tukazungumza mgawo, na mpaka leo naona ndiyo jioni iliyofanya kazi kubwa kuliko kilomita zote tulizokanyaga baadaye. Tulikubaliana zawadi yoyote atakayopata yeyote kati yetu inaingia chungu kimoja, tunatoa nauli na tyubu zilizopasuka, kinachobaki tunakigawa kwa nne, sawasawa. Hata aliyeishia njiani anapata fungu lake, mradi alifanya kazi aliyopangiwa.

Dogo ndiye aliyegoma. Alijua kuwa mwenye mbio za mwisho ni yeye, na kila mtu alijua. Mwalimu akamweleza kwamba kwa wakubwa huko ni hivyohivyo: bingwa wa Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, anapewa euro 500,000, na desturi yao ni kuzigawa kwa wenzake wa timu na watumishi wao.

"Kumbe hata wazungu wanagawana?"

"Wanagawana."

Akakubali, kwa majaribio ya mbio tatu tu.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kujifunza baiskeli. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sikuwa najua kuvuta, yaani kukaa mbele na kuwakatia wenzangu upepo. Nilikuwa najua kukimbia mbele, na hayo ni mambo mawili tofauti. Zamu yangu ikifika nilikuwa naongeza mwendo, kuonyesha kwamba nimefika. Nyuma yangu mnyororo wa watu unakatika, waliochoka wanachoka zaidi, na mimi mwenyewe baada ya dakika mbili sina kitu. Mwalimu ana kile kimita kidogo cha mwendo kwenye usukani, akawa ananipigia kelele kama mwanafunzi wake: "Thelathini na tano uliikuta, thelathini na tano iache!" Tukaweka zamu fupi, mikanyago 40 kisha unatoka, unaacha mwenzako apite, unarudi mwisho wa mstari. Na unatokea upande ule upepo unakotoka, ili anayepanda mbele abaki amekingwa na mwili wako mpaka dakika ya mwisho. Ukitokea upande wa pili unamfungulia dirisha usoni.

Jambo la pili lilikuwa kujua nani anamalizia, na hapo nilimeza kitu kichungu. Tulichagua kipande kilichonyooka, tukaweka alama kwenye miti mitatu ya migunga, tukashindana mimi na Dogo mara kumi. Alinipita mara tisa. Ya kumi cheni yake iliruka. Mimi naweza kushika mwendo mkali kwa dakika nzima bila kupungua, lakini ule mruko wa sekunde kumi, ule wa kuinuka kwenye kiti na kuondoka kama swala, sinao, na kwa umri wa miaka 34 hauji tena.

Usiku huo tulikaa kwa Fundi tukaangalia video kwa simu yake. Dogo akataka kumwona Biniam Girmay, Mweritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani, ile ya bingwa wa pointi. Mwalimu akaniambia mimi nisimwangalie mshindi, niwaangalie wanaojitoa mbele ya washindi mita 200 kabla ya mstari. Akanitafutia hatua ya mwisho ya mbio hizohizo, ya mwaka 2009, pale Champs-Élysées, Paris. Mark Cavendish anashinda, na nyuma yake, wa pili, ni Mark Renshaw, mtu aliyekuwa anamvuta. Waliwaacha wengine mbali hivi kwamba mvutaji mwenyewe akashika nafasi ya pili huku amekwisha maliza kazi yake! Nikairudia mara nne. Sikusema kitu, lakini kuanzia hapo sikubishana tena na nafasi yangu.

Mpango ukawa huu. Fundi, ambaye ana nguvu za punda ila hana haraka, anafukuza kila anayechomoka, mpaka aishe. Mwalimu anatuvuta kutoka kilomita moja na nusu. Mimi nachukua kwenye mita 600. Dogo anakaa mgongoni kwangu, hafanyi chochote, hata wakimtukana.

Mbio za kwanza za mpango huo tulivuruga, na niliyevuruga ni mimi. Kama mita 400 kabla ya mstari pana tuta. Nilipofika pale damu ilikuwa imepanda, nikaruka tuta na kukaza palepale. Dogo aliguswa na mtu kwenye tuta, akapoteza mgongo wangu kwa urefu wa baiskeli mbili. Mpinzani mmoja mjanja akajichomeka katikati, akatulia. Nikamfikisha mpaka mstarini kama bodaboda asiyelipwa, akashuka kwangu mita 100 za mwisho na kuchukua laki tatu. Chungu chetu kikabaki kitupu. Nauli nililipa mimi.

Tulichobadilisha baada ya hapo ni vitu vidogo. Dogo ana mluzi wake wa kuwaita wateja wa maziwa asubuhi, mkali, unasikika hata kwenye upepo. Mluzi mmoja maana yake nipo, kaza. Miluzi miwili maana yake nimepotea, punguza. Nisiposikia kitu, siongezi mwendo. Na nisigeuke, kwa sababu nikigeuza kichwa baiskeli inayumba na wa nyuma anafunga breki. Kwenye tuta tunapita tukiwa tumetulia, kazi inaanza baada yake.

La tatu lilikuwa umbali. Dogo alizoea kuinuka mita 250 kabla, kama anavyofanya tukiwa na upepo mgongoni. Kwa upepo wa usoni mita 250 ni safari. Ukiinuka mapema unaukata mwenyewe, wengine wanakusubiri uishe, yaani unakuwa mimi wa zamani. Tukamshusha mpaka mita 150. Na gia tukamlainishia: alikuwa anaangukia gia ya mwisho kabisa ya friwili ya nyuma, ile ndogo iliyo nzito kuliko zote, kwa majivuno tu, halafu mguu unakanyaga kama yuko kwenye matope. Tukamrudisha gia mbili nyepesi zaidi, akaanza kuruka.

Mbio za pili alikuwa wa pili. Za tatu zilikutana na siku ya mnada wa ng'ombe huko Meserani, na ng'ombe hawajui mbio. Kundi lilikatika vipande viwili, vijana wawili wakachomoka wakati sisi tunasubiri mifugo ivuke. Fundi hakuuliza. Aliwafukuza kilomita kumi hivi, sote mgongoni kwake, tukawafikia. Akainua mkono kuniaga na kurudi nyuma akiwa mweupe kwa chumvi ya jasho. Sikumwona tena barabarani.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Mwalimu akavuta, akatoka upande wa upepo kama ilivyoandikwa. Tuta. Mluzi mmoja. Nikakaza, macho yangu kwenye lami, nikihesabu nguzo za umeme. Ya nne nikajitoa kulia, na Dogo akapita kushoto kwangu kwa kishindo ambacho nilikisikia kabla ya kukiona. Mimi nilimaliza wa sita. Sikujua nani ameshinda mpaka nilipomkuta amelala chali kwenye nyasi, mama mmoja muuza mahindi anampepea kwa kanga na kumwuliza mwanangu umekula kweli wewe?

Fundi alifika baadaye juu ya fuso la mkaa, baiskeli yake imefungwa kamba nyuma.

Jioni tukakaa chini ya mti wake. Laki tatu, tukatoa 20,000 za nauli na tyubu, ikabaki 70,000 kwa kila mmoja. Majaribio ya Dogo yalikuwa yameisha siku hiyo, na sote tulikuwa tunamsubiri aseme. Hakusema. Aligawa mwenyewe, akaanza na Fundi. Fundi akazihesabu mara mbili, akazikunja na kuzitia kwenye kopo tupu la grisi, kisha akainua gurudumu la nyuma la baiskeli ya Dogo na kulizungusha, sikio lake karibu.

"Friwili hii imekwisha. Niletee Jumatano."

"Shilingi ngapi, Fundi?"

"Elfu ishirini na tano. Na hiyo haiingii chunguni, utalipa mwenyewe."