Dar wananiona nimenawiri, kumbe nawaza kisu cha pili

Mara ya mwisho nilipokuja Dar nilikuwa na kilo 79, na mtaa mzima wa Magomeni ulinionea huruma. Wazee walinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Jirani mmoja alimvuta shangazi pembeni akamwambia kama ni "yale mambo" asifiche, siku hizi dawa zipo na watu wanaishi. Safari hii nimeshuka na kilo 104, na kila ninayemwamkia anaitika kwa furaha: marahaba mwanangu, sasa umekuwa mtu! Umenawiri! Baridi ya Ulaya imekukubali!

Kwa mizani ya Magomeni nimepona. Kwa mizani ya kliniki kule Leicester, Uingereza, jina langu limerudi kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupasuliwa tena.

Nawaandikia wenzangu wa mamtoni ambao tumbo lilishapunguzwa na sasa kilo zinarudi moja moja. Mko wengi. Kwenye misiba na sherehe zetu huko tunajuana kwa namna tunavyozungusha wali kwenye sahani bila kuumaliza, ila hakuna anayefungua mdomo.

Mimi nilifanyiwa slivu. Urefu wangu ni mita 1.63 na nilikuwa nimefika kilo 128, yaani BMI, ule uwiano wa uzito na urefu, ya 48, na sukari ilishaanza kubisha hodi. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu za usiku, na saa tisa ya usiku mwili hauombi kachumbari. Kwenye slivu daktari anaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu na zaidi, anabakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo haugusi, ingawa shangazi mpaka leo anawaambia watu nilikatwa utumbo. Ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo miezi ya mwanzo unaweza kusahau kula kabisa. Nikashuka mpaka 79. Sukari ikatulia, magoti yakanyamaza, ngazi za gorofani kwetu nikawa napanda bila kusimama katikati.

Baada ya miaka michache kilo zikaanza kurudi. Hili halinihusu mimi peke yangu. Mrija unatanuka kiasi, njaa inajirudia, mwili wenyewe unapigania kurudi ulikotoka. Ulaji nao unabadilika bila kelele. Slivu inakuzuia kumaliza sahani ya pilau, lakini haikuzuii kudonoadonoa. Kiganja cha korosho, baada ya saa moja kitumbua, baadaye juisi ya miwa pale kituoni, vyote vinateleza. Jioni ukijumlisha, umekula pilau na ya jirani.

Lakini hizo kilo 25 hazinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi, tena kwa maana yake kamili, ni kiungulia. Nikilala bila kuinua kichwa, asidi inapanda mpaka kooni, naamka nakohoa na mdomo mchungu. Hapa kwa shangazi nalala nusu nimekaa, nimeegemea ukuta, begi la safari mgongoni. Yeye akipita usiku na kuniona nimeketi gizani anadhani naswali tahajudi, anafunga mlango polepole asinikatize.

Slivu ina tabia hiyo. Ule mrija una shinikizo kubwa ndani, na ukataji wenyewe unapita karibu na mlango wa juu unaozuia chakula kisirudi kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni. Mfuko mzima ulikuwa na nafasi ya kupokea, mrija hauna. Nameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, asubuhi na jioni, na bado. Asidi ikiunguza umio miaka nenda rudi, ngozi ya ndani inaweza kubadilika, hali wanayoiita umio wa Barrett, na hiyo huongeza uwezekano wa saratani. Ndiyo maana kliniki inataka kwanza nifanyiwe kipimo cha kamera inayoshushwa kupitia mdomoni. Kabla ya hapo hakuna anayetaja tarehe ya upasuaji.

Upasuaji wa marudio wanaoufikiria kwa mtu wa aina yangu ni kugeuza slivu kuwa baipasi. Kipande kidogo cha juu cha tumbo kinatengwa, kama mililita 30 hivi, kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sehemu ya chini inabaki ndani na inaendelea kutoa asidi yake, ila inamwagikia mbele zaidi, haina njia ya kupanda kooni. Baipasi yenyewe si kitu cha jana. Edward Mason na Chikashi Ito waliianzisha Iowa, Marekani, mwaka 1966, na kuanzia miaka ya 1990 ikaanza kufanywa kwa matundu madogo badala ya kufungua tumbo zima. Kwa kiungulia, wengi hupata nafuu kubwa. Kwa uzito msitegemee maajabu ya mara ya kwanza, maana kinachopungua kwenye marudio kwa kawaida ni kidogo kuliko kilichopungua mwanzo.

Na hatari inapanda. Ndani kuna makovu, viungo vimeshikana, na nyama iliyokwishashonwa haiponi kirahisi ikishonwa tena. Uwezekano wa mshono kuvuja, kutokwa damu au kurudishwa wodini uko juu kuliko upasuaji wa kwanza. Miongozo ya Uingereza inataka marudio yafanywe kwenye vituo maalumu, na madaktari wenye uzoefu mkubwa wa kazi hiyo. Nalitaja hili kwa sababu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu wanatumiana bei za Istanbul, hoteli na gari la kukupokea uwanjani vikiwa humo humo. Siibezi Uturuki, madaktari wazuri wapo. Ila kwa marudio mimi nauliza: siku ya kumi nikishikwa na homa, na ndege ilishanirudisha nyumbani, nampigia nani?

Dar nayo ina ushauri wake. Wifi yangu aliposikia alishangaa. "Sasa wifi, si uende tu Mloganzila wakuwekee puto? Mbona watu wanawekewa na wanapungua?" Ni kweli, hospitali ya Mloganzila wanaweka puto, mpira unaojazwa ndani ya tumbo ili ushibe upesi, na ni faraja kwamba mtu halazimiki tena kupanda ndege kwenda India kwa jambo hilo. Lakini puto linataka tumbo ambalo halijawahi kukatwa. Kulijaza ndani ya mrija wenye mshono ni kutafuta balaa. Tena lenyewe ni la muda tu, miezi ikitimia linatolewa. Wifi akanisikiliza mpaka mwisho, akanitazama juu mpaka chini. "Basi acha hivyo hivyo wifi. Unapendeza."

Tuna harusi, kwa hiyo kuna sare. Fundi wa Kinondoni alinizungushia futi nyongani, akasoma namba kwa sauti ili kijana wake aandike, na akina mama waliokuwa wakisubiri zamu wakapiga vigelegele. Leicester namba hiyo hiyo inasomwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Siwezi kuwasema vibaya watu wa kwetu. Wamenitoa aibu nyingi ambayo nilifundishwa ughaibuni. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayenimezea hiyo asidi.

Wa mamtoni wao wananiuliza la pili: kwa nini usichome tu sindano ya kupunguza uzito? Nachoma. Ni tirzepataidi, ile inayouzwa kwa jina la Mounjaro, mara moja kwa wiki, na mizani imeacha kupanda. Kwa waliorudisha kilo baada ya upasuaji, dawa hizi zimefungua mlango ambao haukuwepo, maana zamani ilikuwa kisu cha pili au uvumilie. Ila zina mambo mawili. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, na kwa mwenye kiungulia hiyo inaweza kuongeza kero badala ya kuipunguza. Halafu ukiziacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo kwa wengi ni dawa ya kudumu, na mimi nailipia kwa pauni.

La tatu ni friza ya shangazi. Kalamu ya sindano ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka kwenye friji isizidi nyuzi 30, tena kwa siku zenye kikomo, na hapa Dar nyuzi 30 ni asubuhi tu. Nilimkabidhi shangazi aniwekee kwenye friji, nikaenda kuoga. Kwa mapenzi yake yote akaona friji pekee haitoshi, dawa ya gharama namna ile lazima ikae pazuri, akaipandisha kwenye friza anamogandishia barafu za ubuyu za kuuza, ikalala kati ya mfuko wa vibua na bakuli la ukwaju. Nilipokuja kuitoa ilikuwa imeganda. Dawa hii ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka haitumiki. Shangazi akaona naringa tu. "Samaki akiganda si unampika?"

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni kiwanja changu cha Kigamboni. Msingi umeshasimama, na nia yangu ni kurudi kuishi hapa nikichoka na zamu za usiku. Ndipo baipasi inaponipa shida ambayo slivu haikunipa kwa kiasi hicho. Baada ya baipasi chakula kinaruka sehemu za utumbo zinazofyonza virutubisho, kwa hiyo maisha yako yote unameza vitamini, chuma na kalsiamu, unachomwa sindano ya B12, ambayo kule ni kila miezi mitatu, na damu inapimwa kila mwaka. Ukizembea unaletewa upungufu wa damu, ganzi za miguu na mifupa iliyolegea. Zipo na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuchimba vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, kwa hiyo unaambiwa uziepuke. Leicester hilo litakaa kwenye faili langu na kila daktari atalikuta akifungua kompyuta. Dar ukishika goti tu mbele ya duka la dawa, diklofenaki imeshatiwa kwenye bahasha kabla hujamaliza kueleza. Nitalazimika kutembea na maelezo yangu kwenye pochi.

Ramadhani nayo nimeifikiria. Mwenye baipasi akijaza sukari nyingi kwa mara moja, inamwagika ghafla kwenye utumbo mwembamba. Moyo unaenda mbio, jasho linatoka, kizunguzungu, mbio za chooni. Kaimati za shira na tambi za sukari wakati wa kufuturu ni njia fupi kabisa ya kufika huko. Maji nayo hayanyweki kwa mkupuo, ni funda kwa funda kutwa nzima, na mfungaji kutwa hiyo hana. Wapo wanaofunga baada ya baipasi, lakini kwa kuzungumza na daktari wao kwanza, si kwa kujaribu.

Nimeulizia hapa na pale. Vipimo vya damu kwenye hospitali kubwa za Dar si tatizo, na kamera Muhimbili ipo. Ninachokitafuta ni daktari mmoja atakayeniona mwaka hadi mwaka, anayejua ndani mwangu njia zilivyopangwa, ili siku nikishikwa na tumbo asianze kubahatisha. Mtu huyo bado sijampata, na kwangu ana uzito kuliko jina la mpasuaji. Mpasuaji nitakaa naye saa chache. Huyu mwingine nitazeeka naye.

Kwa hiyo nimejiwekea hivi. Kamera ikionyesha umio umeanza kubadilika, nageuza slivu kuwa baipasi huko huko Leicester, na Kigamboni itasubiri mpaka miaka miwili ya uangalizi wa kliniki iishe. Kiwanja hakiozi. Kamera ikitoka safi, nabaki na vidonge na kichwa kilichoinuliwa, sindano naijadili upya na daktari, na naomba waniangalie tena baada ya muda. Kwa ajili ya kilo peke yake sipandi mezani.

Shangazi nilimweleza yote haya juzi tukichambua mchele. Hakusema ninapendeza, wala hakusema niache. Aliuliza tu nikishapasuliwa nani atakuwa nami nyumbani, kwa sababu kule wiki za mwanzo hutakiwi kuinua kitu kizito, na mimi kazi yangu ni kuinua wazee wa watu. Nikamwambia nitajipanga. Akasema hapana, atakuja yeye. Pasipoti hana, na cheti cha kuzaliwa kimepotelea kwenye makaratasi ya marehemu mume wake, kwa hiyo Jumatatu tunaanzia hapo.