Sikio la Chausiku

"Ameshanisahau huyo."

Mama alisema hivyo Jumapili kwa simu kutoka nyumbani, akimsema Chausiku, paka tuliyehama naye kuja nchi hii ya baridi. Alisema bila uchungu wowote, kisha akaendelea na habari za bomba linalovuja uani. Aliyebaki na uchungu ni mimi. Wiki nzima kauli hiyo inanizunguka: nikiosha vyombo ipo, nikisubiri basi ipo. Baba Neema ameanza zamu za usiku, Neema kapata shule, theluji ya kwanza imeanguka na jengo zima likatoka nje kupiga picha, na mimi bado nabishana na Mama kichwani.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Simu imeegemezwa kwenye kikombe, kamera inamtazama Chausiku juu ya kabati. Mama akaita kama alivyozoea kumwita uani, "Chau, Chau, Chausiku!" Paka kimya.

"Mbona haji?"

"Kalala, Mama."

"Hajalala, macho hayo nayaona."

Neema akadakia, "Bibi, anaiogopa simu."

"Wala. Ameshanisahau huyo. Paka ni wa anayemlisha."

Ngoja nimjibu hapa, maana pale aliniwahi.

Paka kutokuja si paka kusahau. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Japani, Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia paka 20 wa majumbani. Paka alisikilizishwa sauti zilizorekodiwa za wageni zikimwita jina, moja baada ya nyingine, mpaka akazizoea na kuacha kujali, kisha ikafuata sauti ya mtu wake. Wengi walishtuka tena kwa sauti ya mtu wao, lakini namna walivyoonyesha ndiyo hoja yangu: waligeuza masikio na kichwa. Karibu hakuna aliyelia, aliyetikisa mkia wala aliyeinuka kwenda kokote. Paka anakutambua na bado anabaki pale pale alipolala. Ndiyo tabia yake, iwe nyumbani au ugenini.

Na Chausiku aligeuza sikio. La kushoto. Kichwa kilikuwa kimelala juu ya miguu ya mbele, macho yanatazama ukuta, lakini sikio lile likazunguka nyuma taratibu mpaka tundu lake likaielekea simu. Likabaki hapo muda wote Mama anaita. Aliponyamaza, likarudi mbele. Paka mweusi, juu ya kabati jeusi, kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni: Mama angeliona wapi?

Isitoshe, alichosikia Chausiku si Mama mzima. Sikio la paka husikia sauti nyembamba hadi kupita hezi 60,000 (mitetemo kwa sekunde), letu huishia 20,000. Simu ya kawaida hupitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Simu za intaneti hupitisha zaidi, lakini zinatokea kwenye spika ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Na harufu haipo kabisa. Kwa paka, mtu ni harufu kwanza. Sauti ya Bibi ikitoka kwenye kioo kisichonuka chochote ni jambo la kutafakari ukiwa umelala, si la kukimbilia.

"Paka ni wa anayemlisha." Hii nayo siikubali. Tulipofika, chakula kiliwekwa na hakikuguswa, kwa hiyo kwa hesabu ya Mama siku zile Chausiku hakuwa wa mtu. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kumwacha "atakula akisikia njaa". Paka asiyekula kabisa kwa siku 2 au 3, hasa mnene, mwili wake huanza kupeleka mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyachakata, na ini likishalemewa ni ugonjwa wa kulazwa. Kususa kwa siku moja baada ya safari unakuvumilia. Siku ya pili unampigia daktari wa wanyama. Kabla ya hapo, pasha chakula chake kifikie joto la mwili, nyuzi 38 hivi, kwa sababu kikiwa cha uvuguvugu kinanukia, na paka hula kwa pua. Kisha ondoka chumbani. Paka mwenye hofu hali akitazamwa.

Tena kibadilishe chakula kabla ya kuhama. Mipaka mingi hairuhusu msafiri kuingiza chakula cha wanyama chenye nyama, kwa hiyo ukitegemea kubeba gunia lako utanyang'anywa, na paka atapata nchi mpya, nyumba mpya na chakula kipya siku moja. Tafuta aina inayouzwa huko uendako, umchanganyie robo kwa siku 2 au 3, kisha nusu, kisha robo tatu. Ndani ya siku 7 hadi 10 tumbo limezoea bila kuharisha.

Karatasi za safari yenyewe nazitaja kwa kifupi tu: chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, halafu kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba chanjo imeleta kinga ya kutosha, na miezi 3 ya kungoja. Nilidhani karatasi ndizo kazi. Kumbe kazi ilikuwa inatusubiri sebuleni.

Nyumba nzima ni kubwa mno kwa paka aliyetoka kwenye kizimba. Anapewa chumba kimoja, mlango umefungwa, chakula upande mmoja na beseni la mchanga upande wa mbali, na mahali pa kujificha penye njia mbili za kutokea ili asijione amenaswa. Hakuna kumvuta kutoka chini ya kitanda. Soksi safi ya pamba inapitishwa mashavuni mwake, kwenye tezi za harufu, kisha inasuguliwa kwenye pembe za meza na miimo ya milango, usawa wa pua yake, sentimita 20 hivi kutoka sakafuni. Akija kuzunguka anakuta tayari kuna sehemu zinazosema "wewe ulishapita hapa". Na matandiko yake hayafuliwi. Kanga kuukuu ya Mama iliyosafiri naye kizimbani haijaona sabuni tangu tufike, inatoa manyoya ukiigusa, na ndiyo anayolalia kila siku. Aliyesahau hulalia kanga ya nani?

Mama angesema, "Anapenda joto tu." Na joto ni kweli analipenda, nakubali. Kiwango ambacho paka hahitaji kutumia nguvu yoyote kujipasha ni kati ya nyuzi 30 na 38. Sebule yetu ina 20. Sisi tukiwa na sweta tunaona pazuri, yeye yuko kwenye baridi saa ishirini na nne, tena amekuja na manyoya membamba. Manyoya ya paka hufuata zaidi urefu wa mchana kuliko baridi yenyewe. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, hajawahi kuambiwa na jua kwamba ajiandae. Majira yajayo atavaa koti lake mwenyewe. Kwa sasa kapata boksi lililojazwa blanketi, limeinuliwa kutoka sakafuni, karibu na redieta, kile kifaa cha kupasha chumba joto, lakini si juu yake.

Blanketi lenyewe lilileta kesi nyingine. Neema alikuja analia kwamba Chausiku hampendi tena; akinyoosha mkono, paka anaruka na kukimbia. Kila mtu ndani ya nyumba hii anasahaulika au hapendwi! Tulipozima taa tukaona: Neema anavuta mkono juu ya mgongo wa paka, na kidole kinapofika sikioni, cheche ya buluu. Hewa ya baridi haina mvuke mwingi, ukiipasha kwa redieta inakauka kupita kiasi, na blanketi la poliesta likisuguana na manyoya linajaza umeme tuli. Paka hapigwi kwa nguvu, lakini anapigwa puani na masikioni, na anajifunza haraka kwamba mkono unauma. Dawa yake ni rahisi. Poliesta imetolewa, shuka la pamba limeingia. Kabla ya kumgusa paka unagusa bomba au kitu cha chuma. Kiganja kinalowanishwa kidogo kabla ya kumpapasa. Bakuli la maji liko juu ya redieta, na kipimo cha unyevu tunakitaka kati ya asilimia 40 na 50. Sasa Neema analowanisha viganja kama anayekwenda kukanda unga, na paka anakaa.

Hapo ndipo wiki ilianza kugeuka, nadhani. Ukishaona kosa ni la blanketi na si la moyo, unaanza kumtazama mnyama vizuri zaidi.

Mchanga nao. Chausiku ni paka wa uani, choo chake maisha yote kilikuwa udongo. Zile chembe za udongo mkavu zinazogandamana zikilowa alizikanyaga, akatikisa mguu, akaondoka. Paka wa aina hii hana ukaidi. Miguu yake haijui kwamba hicho ni choo. Na akijizuia zaidi ya saa 24 unatafuta daktari. Njia iliyofanya kazi ni kumpa anachokijua: udongo wa kupandia maua, usio na mbolea, umwagwe juu ya chembe zile, vyote kwa pamoja kina cha sentimita 5. Alinusa, akachimba, akamaliza. Kila baada ya siku chache udongo unapunguzwa na chembe zinaongezwa. Beseni liwe na urefu mara moja na nusu ya paka, kuanzia pua hadi shina la mkia, na lisikae karibu na mashine ya kufulia. Ikianza kuzungusha nguo akiwa ndani ya beseni, hatarudi. Wale wa harufu za maua kwenye mchanga wa paka sijui wanamtengenezea nani. Hakika si paka.

Saa ndiyo inanichekesha. Kule alikula saa kumi na mbili asubuhi kamili, na tumbo lake halikubadilisha saa. Huku hiyo ni saa kumi alfajiri. Anapanda kifuani, anaweka mguu mmoja kwenye kidevu changu, anangoja. Ukiamka ukampa, umetia saini mkataba. Unasogeza mlo dakika 15 kila siku, na tofauti ya saa 2 inaisha kwa siku 8. Jana alinisimamia saa kumi na moja unusu, kwa hiyo tunakaribia. Baba Neema, anayeingia kutoka kazini muda huohuo, anasema angalau kuna mmoja anayempokea mlangoni.

Na juzi alitembea nyumba nzima mkia umesimama wima, ncha imekunjwa kidogo, akasugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye mlango, kwenye begi la shule, na mwisho kwenye ile simu mezani. Simu ilikuwa imezimwa. Sitamwambia Mama kwamba hiyo ni salamu yake, maana atanicheka, na pengine paka alikuwa anaweka tu mhuri wake kama kwenye begi. Lakini la sikio nitamwambia. Jumapili simu itawekwa ubavuni mwa paka, taa iwashwe, Mama aite, kisha asiangalie miguu. Aangalie sikio.

Nje haendi bado. Wiki 2 hadi 4 ndani ndiyo kiasi cha kawaida kabla ya kumwonyesha mlango, na wetu nitamzidishia mpaka baridi ipungue, kwa sababu chini ya magari kuna hatari nyingine: maji ya rejeta ya kuzuia kuganda. Mengi yana etilini glaikoli, sumu ambayo hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua paka. Maua ya lili hayaingii humu ndani hata yakiletwa na mgeni wa heshima, kwani hata chavua tu akiilamba kwenye manyoya inaharibu figo. Na haya madirisha yanayofunguka kwa kuinama juu yasiachwe wazi paka akiwa peke yake. Anaruka akitaka kutoka, anateleza kwenye ule mwanya unaobana kuelekea chini, na kila akijitikisa anazama zaidi. Tumbo na mgongo vinabanwa mpaka damu haifiki miguu ya nyuma. Tumenunua vizuizi vya pembeni, ila chumba cha Neema bado hakina.

Chipu nayo imesajiliwa huku kwa namba ya simu ya huku. Zile tarakimu 15 hazimwambii mtu paka yuko wapi wala ni wa nani. Ni namba tupu, na ikiwa bado imefungwa na simu ya kule, atakayemwokota atapiga laini iliyokufa.

Kinachoninyima usingizi leo ni picha za kibali za Neema. Zimerudishwa tena, eti anatabasamu. Meno mawili ya mbele yameng'oka, akiambiwa afunge mdomo anacheka, na ofisi ya vibali inataka mdomo umefungwa na uso mtulivu. Miadi ni Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, na mpiga picha wa karibu hafungui mwisho wa wiki.