Kutoka Mahajanga hadi Fianarantsoa, Nikisikiliza Kimalagasi

Wazee wa pwani ya Waswahili walikiita kisiwa cha Madagaska Bukini. Walikiendea kwa vyombo vyao, wakinunua na kuuza, karne kadhaa kabla Mreno wa kwanza hajakiona mwaka 1500. Mimi nilikwenda kukisikia Kimalagasi kwa masikio yangu. Madagaska iko kilomita kama 400 tu kutoka pwani ya Afrika, lakini ndugu za lugha yake wako Indonesia, zaidi ya kilomita 7,000 upande wa mashariki. Mwaka 1951 mwanaisimu Mnorwei, Otto Christian Dahl, alionyesha kuwa jamaa yake wa karibu ni Kimaanyan, kinachosemwa kando ya mto Barito, kusini mwa Borneo.

Sokoni Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi, mwenyeji wangu alikuwa mama wa Kingazija aliyekulia Unguja. Nikamwomba anihesabie kama wanavyohesabu wenyeji. “Roa, telo, efatra, limy,” akaendelea, yaani mbili, tatu, nne, tano, na mimi nikawa nasikia dua, empat na lima za Kiindonesia. Mwezi ni volana, na kule ni bulan. Jiwe ni vato, na kule ni batu. Kisha tukafika kwenye matenga ya kuku. “Akoho,” akasema. Na kanga je, mama? “Akanga, mwanangu.” Punda ni ampondra, mbwa ni amboa, ng'ombe ni omby. Nilisimama pale na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Mgawanyo huo una maana kubwa. Hesabu, mbingu, mwezi na mauti vimesemwa kwa maneno yaliyovuka bahari kutoka Asia. Mifugo imesemwa kwa maneno ya Kibantu. Waliokuja na mashua kutoka mashariki, katika milenia ya kwanza ya enzi hii, walichanganyika na watu waliotoka Afrika Mashariki na wanyama wao, na Wamalagasi wa leo ni uzao wa pande zote mbili. Lugha iliyobaki ni ya upande mmoja. Hao babu zetu waliacha kusema Kibantu, wakajifunza lugha ya wenzao, wakawalea watoto kwa hiyo.

Hata hivyo hawakupotea. Dahl huyohuyo alieleza kwa nini maneno ya Kimalagasi huishia na irabu: ni kwa sababu ya vinywa vya Kibantu. Langit, yaani mbingu, imekuwa lanitra. Watu wasiozoea neno linaloishia na konsonanti waliongeza irabu mwishoni, na taifa zima likafuata. Jambo hili lilinigusa kuliko yote niliyokutana nayo safarini. Hatujui jina la hata mmoja wao, lakini namna yao ya kutamka inasikika katika kila sentensi, kwenye redio, bungeni, kanisani. Nikimsikia mtu akisema lugha ni damu, nitamwambia aende Bukini.

Kutoka Mahajanga nilipanda taxi-brousse, basi dogo lililojaa hadi mlangoni, kwenda Antananarivo, zaidi ya kilomita 500. Njia ni ndefu na haina mengi ya kusimulia, ila jambo moja: limy ya pwani, kwa Wamerina wa nyanda za juu, ni dimy. Kisiwa ni kikubwa kuliko Ufaransa, makabila yanayotambuliwa rasmi ni 18, lahaja ni nyingi, na bado wote wanaiita lugha yao kwa jina moja.

Maandishi yake nayo yana historia. Waandishi wa Kiantemoro wa kusini-mashariki walikuwa wakiiandika kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo sorabe, kama Waswahili walivyoandika tenzi zao. Katika miaka ya 1820 Mfalme Radama wa Kwanza akaamua kutumia herufi za Kilatini, na mwaka 1835 Biblia nzima ikachapishwa kwa Kimalagasi.

Katika mji wa Antsirabe nilialikwa kwenye posa. Hapo ndipo nilipoisikia kabary, hotuba ya Wamalagasi ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2021 katika urithi wa utamaduni wa dunia. Msemaji wa upande wa mwanamume alisimama, akaanza kuomba radhi. Aliomba radhi kwa wazee kwa kuwatangulia kusema, akaomba radhi kwa waliokuwapo, kisha methali zikafuatana bila kikomo. Msemaji wa upande wa binti akamjibu kwa methali nyingine, watu wakaitikia. Jirani yangu alininong'oneza maana, lakini ule mwendo wa adabu niliutambua kabla hajafungua kinywa. Zawadi inayotolewa siku hiyo huitwa vodiondry, yaani mapaja ya nyuma ya kondoo. Leo hutolewa fedha, jina limebaki, na ondry ndani yake ni kondoo wetu wa Kibantu, katikati ya sherehe ambayo Wamerina wanaihesabu kuwa yao kabisa.

Kuelekea kusini vibao vya barabarani vilinikumbusha kalenda. Miji mingi imepewa jina la siku ya gulio lake, na majina ya siku yalitoka katika Kiarabu. Karibu na Fianarantsoa upo mji wa Alakamisy Ambohimaha, na hata mtoto wa Pemba angejua gulio ni lini.

Fianarantsoa nilikaa na mwalimu mstaafu. Baada ya maandamano ya 1972 serikali iliingiza Kimalagasi mashuleni, akasimulia, lakini vitabu havikutosha, na wenye uwezo waliendelea kuwasomesha watoto wao kwa Kifaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kifaransa kikarudishwa. Katiba ya 2010 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi. “Nyinyi Tanzania mna Kiswahili,” akaniambia, “fizikia mnafundisha kwa lugha gani?” Nikamjibu kuwa msingi ni Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Akataka kujua sababu. Nilimweleza zinazotolewa, naye akazipinga moja baada ya nyingine, na nyingi nilikubaliana naye. Mazungumzo hayo yote tuliyafanya kwa Kifaransa, na jambo hilo lilituuma sote wawili.