Siku moja tutani, nikilinda maji

Saa kumi na mbili asubuhi nishafika tutani, kwenye tuta la bwawa la kumwagilia mpunga ninalolilinda. Nasoma kipimo: tangu jana maji yamepungua sentimita mbili. Ni Februari, kaskazi inavuma na masika bado, kwa hiyo kila sentimita naihisabu.

Nashuka nyuma ya tuta, panapochuruzika. Maji yakitoka safi sina wasiwasi. Yakitoka na tope, ujue yanabeba udongo wa ndani, na usiku huo hakuna kulala. Leo safi. Nang'oa na miche ya mipera iliyojiotea, maana mizizi ikioza huacha tundu.

Saa mbili nafungua mlango wa maji kwa zamu ya wakulima wa mpunga, saa nne nafunga.

Saa tano kasoro robo nikaona gari ya ng'ombe ukingoni, pale maji yaliporudi nyuma na kinamo, ule udongo wa mfinyanzi, kikapasuka kwa jua. Kijana keshaanza kuchimba.

"Ami, udongo huu si unakaa bure tu? Nataka gari tatu, nijazie msingi."

Nikakataa. Akashuka mpaka gari mbili. Nikakataa. Akakaa chini ya mwembe akaanza upya: nyumba, mke, fundi anamsubiri. Watu kama yeye ndio husema kazi yangu ni kukaa kivulini kutazama maji.

"Mto Mwera unaujua?"

"Naujua."

"Unaishia wapi?"

Kimya.

Nikamwambia unazama ardhini kabla haujaiona bahari. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu cha Unguja ni jiwe la matumbawe, miamba iliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na maji ya mvua hulila jiwe hilo taratibu mpaka likawa na nyufa na mapango. Hapa bondeni maji yamesimama kwa sababu mvua za miaka na miaka zimeshusha kinamo, kikatandikwa chini kama jamvi. Ukilitoboa jamvi, mpunga wote huu utakauka.

"Nimefahamu, Ami. Basi gari moja."

Adhuhuri ikapita tunabishana. Mpaka sheha, kiongozi wa mtaa, alipokuja ndipo akafunga ng'ombe wake, hakuaga.

Mchana wote ukaniishia kwenye lile shimo. Nilichota kinamo kibichi, nikakimwaga, nikakikanyaga kwa miguu mitupu tabaka kwa tabaka, mgongo unaniuma, alasiri nikaisalia pale pale. Bi mmoja wa mashamba ya mwisho akaja kusema maji hayakumfikia, nikamfungulia kidogo.

Magharibi nikasoma tena kipimo. Maji yameshuka sentimita moja.